Muhuri wa Mama Jesca

Demetria alikuwa mtu wa muhuri. Wengine hupenda vitenge, wengine hupenda umbea. Yeye alipenda lile duara la zambarau linalobaki kwenye karatasi baada ya kugonga, nusu juu ya sahihi ya mkuu wa shule, nusu juu ya maneno. Muhuri aliufungia kwenye droo, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na kitambulisho. Hata mkuu mwenyewe, Mwalimu Gozbert, akiutaka ilibidi aombe kwa adabu.

Shule ni ya sekondari, ya binafsi, kule Chamazi, na Demetria amekuwa katibu muhtasi wake tangu ilipokuwa na madarasa mawili na choo cha kupokezana. Kwao ni Mbinga. Alisomea uhazili enzi za hatimkato na mashine za kupigia chapa, akaja Dar kuolewa, akamzaa Jesca na wadogo zake, na tangu hapo jina la Demetria likabaki kwenye mkataba wake wa kazi tu. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka mwenye shule, wote walimwita Mama Jesca. Chuoni waliwafundisha kwamba barua isiyo na muhuri ni maneno ya mtaani. Wenzake walilisahau hilo siku ya mahafali. Yeye alilishika kama amri ya kanisa.

Kompyuta zilipoingia hakubabaika, tusimsingizie. Alijifunza upesi kuliko walimu vijana waliokuwa wakimcheka. Ila muhuri hakuuacha. Kila tangazo alilichapa vizuri kwenye kompyuta, akalitoa kwenye printa, akalipeleka likasainiwa, akaligonga muhuri, kisha akalipiga picha kwa simu na kuituma picha hiyo kwenye grupu la WhatsApp la walimu. Ukimwuliza kwa nini asitume lile faili alilolichapa mwanzo, angekutazama kana kwamba umemwambia atoke barabarani na kanga moja. Faili mtu anaweza kulichezea, akabadili tarehe. Picha yenye muhuri nani ataichezea?

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipoajiriwa Mwalimu Lusungu.

Lusungu alikuwa kijana kutoka Njombe, mwalimu wa Historia, mcheshi, mwenye sauti ya kufika nyuma ya darasa bila kupiga kelele. Surua ilimchukua macho akiwa bado hajaanza shule. Alikuwa na simu yenye programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, na wiki ile ya kwanza alikuja ofisini akaeleza kwa upole. Simu yake inasoma maandishi, haisomi picha. Ukimtumia picha ya barua, inasema tu kwamba hii ni picha, halafu inanyamaza. Zipo programu za kubahatisha maneno yaliyo ndani ya picha, lakini muhuri ukigongwa juu ya maneno huzivuruga, na kinachopotea kwanza huwa ni tarehe. Kwa hiyo aliomba kitu kimoja: lile faili kabla halijachapwa kwenye karatasi, naye atumiwe.

Mama Jesca alikuwa na rundo la ripoti mezani na hakutaka maneno mengi. Akamjibu, "Mwanangu, mie hayo mambo ya mafaili yananishindaga. We njoo tu asubuhi, nitakusomea."

Huo ulikuwa uongo, wa kumwondoa mtu mlangoni. Kutuma faili alikuwa anajua kama anavyojua njia ya kwake. Lakini Lusungu alimwamini, akashukuru, na hakuuliza tena.

Basi ikawa kila asubuhi, kabla ya kengele, anakuja na fimbo yake nyeupe, anakaa kwenye kiti cha wageni, na Mama Jesca anamsomea. Matangazo ya vikao, ratiba za zamu, maagizo ya mitihani. Baadaye hata mambo yake binafsi: kadi za michango ya harusi zilizokuja kwa picha, majibu ya hospitali, barua ya kanisa kuhusu ndoa yake. Mama Jesca akawa anajua kijana anaumwa nini na nani amemwalika wapi. Na hapa tuseme ukweli wote: alipenda. Alipenda kuombwa, alipenda kusubiriwa, alipenda Bakari mhasibu, aliyekaa meza ya pili, amwone anavyosoma polepole kwa sauti ya huruma. Kwenye jumuiya, siku za kusali nyumba kwa nyumba, alikuwa na namna yake ya kulichomeka jambo hilo kwenye maombi, akimwombea "mwalimu wangu asiyeona", mpaka akina mama wakawa wanampongeza kwa moyo wake. Na pale shuleni mwalimu mwingine akitaka kumsomea Lusungu tangazo, Mama Jesca alikuwa akimkatiza kwa utani: wa kwangu huyo, niachieni mie. Wakamwachia.

Mwaka wa tatu, wakati wa likizo fupi, mjomba wake Demetria alifariki. Ijumaa ile alikuwa akipanga mizigo huku akimalizia kazi, na kazi ya mwisho ilikuwa tangazo la mkuu: mkutano wa wazazi umewahishwa wiki nzima, utafanyika Jumamosi ijayo kabla shule haijafunguliwa, na alama za kidato cha nne ziletwe mapema. Akachapa, akagonga, akapiga picha, akatuma. Alfajiri alikuwa stendi ya Mbezi Luis anatafuta basi la Songea.

Lusungu alikuwa nyumbani kwake Mbande anasahihisha. Simu ikamwambia imeingia picha. Nyuma ya picha walimu wakawa wanajibu mmoja mmoja kwamba imepokelewa, na hakuna aliyetaja kilichomo, kwa sababu wote walishaona. Hakuna aliyemfikiria pia, maana Lusungu alikuwa na mtu wake. Jumapili akampigia mtu wake. Mama Jesca yuko msibani, macho yamevimba, vyungu viko mekoni, wakwe wanasubiri. Hakupokea. Jioni alimtumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu niko kwenye msiba, nikirudi nitakusomea. Wala si la haraka."

Hakuwa amefungua tena lile tangazo aangalie tarehe. Alisema tu si la haraka kwa sababu alikuwa amechoka.

Jumamosi ya mkutano wazazi walijaa uwanjani. Kila ripoti ya kidato cha nne ilikuwa na nafasi tupu mbele ya Historia, na mwalimu wa Historia hakuwepo. Mzazi mmoja alisimama akauliza kama ada ya mwanawe inalipia na nafasi tupu. Mwenye shule alikuwa meza kuu, akamgeukia Mwalimu Gozbert, na Gozbert akaanza kupekua ripoti. Jumatatu Lusungu akaingia kwa furaha na alama zake zote mkobani, tayari kwa mkutano ambao ulikuwa umeshapita. Aliitwa. Alijitetea kwamba hakupata taarifa. Mkuu akamjibu kwamba taarifa ilikuwa kwenye grupu na wenzake wote waliipata. Lusungu angeweza kutoa simu na kumsikilizisha ujumbe ule wa sauti pale pale. Hakuutoa, kwa kuwa mwenye sauti alikuwa amefiwa.

Mama Jesca alirudi katikati ya wiki, kitambaa cheusi kichwani. Kabla hata hajamaliza kupokea pole, mkuu alimwita aandike barua. Ilikuwa ya kumtaka Mwalimu Lusungu ajieleze kwa maandishi ndani ya wiki moja kwa nini mkataba wake unaoisha Desemba uongezwe. Asipojibu, itahesabiwa kuwa hana utetezi. Mkuu alikuwa akizunguka chumbani huku akitamka, na Mama Jesca akiandika. Alielewa mara moja kilichotokea. Alikumbuka ujumbe wake. Sentensi moja tu ingetosha: mkuu, tangazo lile nililituma kwa picha na nikamwambia si la haraka. Ilifika mpaka kwenye ulimi. Halafu akaona swali litakalofuata, kwamba kwa nini miaka yote hii humtumii maandishi, akaona na uso wa Bakari, akaimeza.

Kumeza peke yake kungekuwa nafuu. Gozbert ni mtu wa Bukoba, msomi wa hesabu, na barua zake huwa kavu. Alikuwa amesema "kwa kuchelewesha alama". Mama Jesca, aliyezoea kuzinyoosha sentensi za mkuu mpaka zikapendeza, vidole vikaenda vyenyewe vikaandika "kwa uzembe uliokithiri na usiovumilika". Mkuu alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasaini. Katibu akagonga muhuri, akapiga picha, akaituma kwa mhusika.

Unaweza kukisia asubuhi iliyofuata nani alikuja kukaa kwenye kiti cha wageni.

Alimpa shikamoo, akampa pole ya msiba, akauliza mjomba alikuwa mkubwa kiasi gani na kama mazishi yalikwenda salama. Aliuliza yote hayo kwa utaratibu, kama mtu aliyelelewa. Ndipo akanyoosha simu. Imeingia picha jana kutoka kwako, Mama, nadhani ni ya ofisi, naomba unisomee.

Mama Jesca akaishika simu. Barua yake mwenyewe ilikuwa inamtazama, muhuri umekaa vizuri. Aliona lile neno. Akakohoa, akasogeza miwani. Bakari aliacha kubonyeza kikokotoo chake.

"Ni taarifa ya mikataba tu," akasema. "Walimu wote mmepewa. Hakuna la kujibu."

Sauti ilitoka ileile, ya huruma. Lusungu akashukuru, akachukua simu yake na fimbo yake, akaenda darasani. Bakari alimtazama Mama Jesca kwa muda, kisha akarudi kwenye hesabu zake. Yeye alikuwa ameiona barua ikitoka kwenye printa.

Siku zilizofuata Demetria hakujiweza. Nyumbani mumewe Fransis alidhani ni majonzi ya mjomba, akawa anamwambia alie tu. Alilia kweli, na akaona aibu hata ya machozi hayo, kwa sababu marehemu hakuwa na sehemu ndani yake. Kila asubuhi Lusungu alipokuja, alimsomea matangazo huku shingo ikimwaka moto. Alijaribu kupanga jinsi ya kusema. Atasema hakuisoma vizuri. Atasema kulikuwa na barua mbili. Kila alichokipanga kilikuwa uongo wa kuufunika mwingine, na alijua hivyo, na alichukia kwamba anajua. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto, mzee wa jumuiya, amefika mahali pa kumdanganya kipofu mbele ya macho yake. Neno hilo lilimjia hivyo hivyo, bila kupambwa.

Aliyemsukuma alikuwa Bakari, naye hakumsukuma kwa nguvu. Saa ya chai, wakiwa wawili, alisema akiangalia kikombe, "Mama Jesca, mie siku ile sikusikia kitu. Ila muda wake wa kujibu unaisha kesho."

Kusema kwa mdomo hakuweza. Alifungua kompyuta, akalitafuta faili la barua ile, lile la mwanzo, lisilo na sahihi wala muhuri, maandishi matupu. Akaliburuta mpaka kwenye jina la Lusungu. Akabonyeza. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuvuta pumzi ndefu. Jambo aliloombwa miaka mitatu iliyopita lilikuwa limekwisha, na chai ilikuwa bado inafuka.

Lusungu alikuwa na kipindi cha wazi, akaja. Hakukaa. Alichomoa waya wa masikioni, akaiweka simu juu ya meza, na ile sauti ya mashine, sauti isiyojua huruma wala hasira, inayokanyaga maneno ya Kiswahili kwa mkazo usio wa mahali popote, ikaanza kusoma kuanzia kumbukumbu namba. Ilisoma jina lake. Ilisoma tarehe ya mwisho. Ilipofika kwenye "uzembe uliokithiri na usiovumilika" haikupunguza wala kuongeza kitu, ikapita kama inasoma bei ya sukari. Demetria alikuwa hajawahi kuyasikia maneno yake yakisomwa na mtu asiyempenda. Alitamani ardhi ipasuke immeze, pamoja na meza na droo.

Ikanyamaza. Lusungu aliigusa akaizima.

"Kumbe unajua," akasema.

Mama Jesca hakuelewa.

"Kutuma faili. Kumbe unajua. Mie nilidhani kweli yanakushinda, nikawa naona haya kukuuliza tena. Nilisema huyu ni mama yangu, nisije nikamfedhehesha mbele ya watu. Ndiyo maana nilikuwa nakuja kila siku."

Bakari alitoka nje, akaurudisha mlango taratibu.

Mama Jesca alianza kulia na kusema maneno mengi kwa pamoja: msiba, uchovu, mkuu alivyokuwa na hasira, jinsi anavyompenda kama mwanawe. Lusungu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba na lile neno la uzembe si la mkuu. Amemsikia mkuu akiongea miaka mitatu, na amemsikia yeye akisoma miaka mitatu, na anajua kila mmoja anavyopanga maneno yake. Demetria hakukana. Akafuta uso kwa kitambaa cheusi, akasema anakwenda kwa mkuu sasa hivi kumwombea.

"Usiniombee," Lusungu akasema. "Sauti yako ya msibani bado ninayo kwenye simu, na sitampelekea mtu. Wewe nenda tu ukaseme ulichofanya."

Alikwenda. Kutoka meza yake mpaka mlango wa mkuu ni hatua chache, na alizitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Alipoingia, mazoea yalimponza, akaanza na "Mkuu, naomba nimwombee kijana wetu", akasikia anavyosikika, akanyamaza. Akaanza upya. Alisema picha, alisema miaka mitatu, alisema si la haraka, alisema uzembe uliokithiri ni wake, na alisema aliisoma barua kinyume mbele ya mwenye barua. Gozbert alivua miwani. Alimwuliza kitu kimoja tu, je, ilikuwa ngumu kiasi gani kutuma. Akajibu kwamba haikuwa ngumu.

Barua ya Lusungu ilifutwa, na mkuu akamwomba radhi mwenyewe kwenye kikao cha walimu. Mama Jesca alipewa onyo la maandishi. Na kwa kuwa katibu wa shule ni yeye, ilibidi alichape mwenyewe, mkuu akitamka, na alipofika mahali fulani mkuu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na lile neno lako uliloniwekea kwa mwenzio, liweke na hapa." Akaliweka. Akaligonga muhuri onyo lake, akatia nakala kwenye jalada lake.

Tangu hapo matangazo ya shule hutoka kwenye kompyuta moja kwa moja, maandishi yakiwa mazima. Yenye muhuri hubaki kwenye majalada na ukutani. Amejifunza na mengine ambayo hakuwa anayajua kweli: kwamba haitoshi kukikoleza wino kichwa cha habari, lazima uiambie kompyuta kuwa hiki ni kichwa, ili simu ya Lusungu irukie pale anapotaka, na kwamba jedwali la ratiba lisilo na vichwa vya safu humsomea mtu namba tupu zisizo na siku. Nembo ya shule aliiwekea maelezo kwa maneno. Akimtumia, hujibiwa neno moja, "Imesomeka." Mara moja tu lilikuja jibu refu: "Jedwali la zamu halina vichwa, naomba lirekebishwe." Hakukuwa na Mama ndani yake. Alilirekebisha, akalituma tena, kama mwanafunzi aliyerudishiwa daftari.

Ofisini Lusungu haji tena, hana shida ya kuja. Asubuhi hupita mbele ya dirisha na fimbo yake, waya masikioni, akimsikia Mama Jesca anavuta kiti humpa shikamoo, kwa heshima ileile, bila kusimama. Mama Jesca huitikia marahaba. Juzi alipita akiwa anasikiliza kitu kwenye simu, akafika karibu na ngazi akacheka peke yake, kicheko cha kutoka tumboni, akairudisha simu nyuma kidogo akasikiliza tena. Demetria alisimama dirishani na karatasi mkononi. Alitaka sana kujua ni nini. Akarudi akakaa kwenye kiti chake.